Jinsi ya Kuziba Stendi ya Mbao ya Tangi la Samaki Isinywe Maji: Mwongozo Kamili

Stendi nyingi za kujitengenezea hupakwa vanishi vizuri, zikang'aa, na bado baada ya miezi michache ubao wa juu umevimba pembeni, miguu imekuwa myeusi kwa chini na mlango haufungi. Mwenye stendi hulaumu vanishi, ananunua ya bei zaidi, anapaka tena, na tatizo linarudi palepale.

Tatizo si uso wa ubao. Maji huingia kwenye ncha zilizokatwa kwa msumeno, kwenye kingo za plaiwudi na kwenye matundu ya skrubu. Hizo ni sehemu ambazo brashi haizifikii tena stendi ikishaunganishwa. Ndiyo maana nusu ya kazi hapa chini inafanyika vipande vikiwa bado vimelala chini. Kama yako imeshaunganishwa, soma yote kisha uende kwenye sehemu ya stendi zilizokwisha kusimama.

Vipimo vya hapa ni vya stendi ya tangi la sentimita 100 kwa 40 kwa 50. Tangi hilo hubeba lita 200, yaani kilo 200 za maji. Kioo cha milimita 10 huongeza kilo 45 hivi, na mchanga na mawe kilo 30 au zaidi. Jumla inakaribia kilo 280. Ubao uliovimba kona moja chini ya mzigo huo haubaki suala la sura: kioo hupindwa, na mshono wa silikoni huanza kuachia.

Vifaa vya kuandaa kwanza

Ukihesabu pande zote za mbao, za ndani na za nje, stendi hii ina mita za mraba 9 hadi 10. Kwa eneo hilo utahitaji:

- Vanishi ya poliurethani ya mafuta, kopo la lita 4 (lile mafundi wanaloita galoni)
- Tapentaini ya madini au "white spirit", lita 1
- Resini ya epoksi na hadina yake (kigumishi kinachochanganywa nayo), kilo 1 kwa jumla. Ulizia kwa wanaouza vifaa vya boti au vya meza za resini
- Msasa namba 80, 120, 180 na 320, karatasi 4 za kila namba (namba iko mgongoni mwa karatasi)
- Gundi ya mbao iliyoandikwa D3 au D4 (alama za kustahimili maji)
- Skrubu za chuma kisichoshika kutu au za shaba
- Silikoni safi, tyubu 1, na bunduki yake
- Brashi 2 za inchi 2 zisizomwaga nywele, na brashi ndogo ya kuchezea rangi
- Tepu ya karatasi, vikombe vya plastiki, glovu, barakoa ya vumbi, matambara ya pamba
- Pima maji (kifaa chenye kipovu cha kupimia usawa)

Usinunue skrubu nyeusi za jipsamu. Hushika kutu upesi na hukatika kichwa, na chuma kinapokutana na unyevu kwenye mbao zenye tanini (kemikali ya asili ya mti) huacha doa jeusi lisilotoka kwa msasa.

Hatua ya 1: Pata mbao zilizokauka

Mbao ya paini kutoka mashamba ya Mufindi inafaa kwa fremu, ni nyepesi na inakunywa epoksi vizuri. Mninga na mkongo ni bora zaidi na ghali zaidi. Mtiki hauozi kirahisi, ila una mafuta yanayokataza gundi na kuchelewesha vanishi kukauka. Mvule nao unaweza kufanya hivyo. Ukitumia mojawapo, futa uso kwa tambara lenye asetoni au thina dakika chache kabla ya kupaka gundi au mkono (tabaka) wa kwanza wa vanishi.

Kwa ubao wa juu, sakafu ya kabati na kuta, tumia plaiwudi ya marini (yenye gundi isiyolainika kwa maji) ya milimita 18. Plaiwudi ya kawaida ya ndani huachana tabaka ikilowa. MDF na chipbodi (mbao za unga na vipande vya mti vilivyogandishwa) ziache kabisa: zikishavimba hazirudi, hata ukizikausha mwezi mzima.

Jihadhari na mbao za kupaulia zenye rangi ya kijani, zilizochovywa dawa. Dawa hiyo kwa kawaida ina shaba, na shaba huua kamba na konokono wa tangini kwa kiasi kidogo sana. Vumbi lake pia si la kuvuta.

Ukavu wa mbao hupimwa kwa mizani ya jikoni. Kata kipande cha ubao uleule, kipime, kiweke ndani ya nyumba na ukipime kila siku saa ileile. Uzito ukiacha kushuka kwa siku 3 au 4 mfululizo, mbao zimelingana na hewa ya nyumba yako na unaweza kuendelea. Ukiziba mbao mbichi unafungia maji ndani. Vanishi itatoa malengelenge, na mbao zikija kunywea maungio yatafunguka na kuacha njia mpya za maji.

Hatua ya 2: Kata na utoboe kila kitu sasa

Kata vipande vyote. Toboa kwa keekee matundu yote ya skrubu, ya bawaba, ya mipira ya filta na ya waya. Acha tundu la hewa la angalau sentimita 5 juu na lingine chini kwenye ubao wa nyuma, kwa sababu kabati lisilopumua hufuga ukungu hata likizibwa namna gani.

Kisha simamisha stendi nzima bila gundi, kwa skrubu chache tu. Weka pima maji juu. Milango ifunge, filta iingie. Ukiridhika, andika namba kwa penseli kwenye kila kipande upande usioonekana, na ubomoe.

Wengi huruka jaribio hili kwa kuona ni kazi mara mbili. Lakini kila tundu utakalotoboa baada ya kuziba ni mlango mpya wa maji kwenye mbao kavu.

Hatua ya 3: Msasa

Anza na 80 palipo na alama za msumeno au randa, fuata 120, malizia na 180. Piga kufuata nyuzi za ubao. Usivuke 180 kabla ya mkono wa kwanza: uso laini kama kioo hauna pa kushikilia vanishi.

Kona zote kali zivunje kidogo kwa msasa hadi ziwe mviringo wa milimita 2 hivi. Vanishi hujivuta na kuwa nyembamba sana kwenye kona kali, na hapo ndipo hupasuka kwanza.

Futa vumbi kwa brashi kavu, kisha kwa tambara lenye tapentaini kidogo. Tambara lenye maji huinua nyuzi na utalazimika kupiga msasa upya.

Hatua ya 4: Ziba ncha, kingo na matundu

Hii ndiyo hatua inayoamua maisha ya stendi.

Nyuzi za mti ni mirija iliyolala kwa urefu wa ubao. Ukipaka usoni unapaka ubavu wa mirija. Ukikata ncha unaiacha midomo wazi. Ndiyo maana tone la maji usoni hukaa, na tone hilohilo kwenye ncha hupotea mbele ya macho yako. Kingo za plaiwudi ni hivyohivyo, kwa kuwa kila tabaka la pili linakuonyesha midomo yake.

Kwanza bandika tepu ya karatasi kwenye nyuso ambazo gundi itashika, kwa sababu gundi ya mbao haishiki juu ya epoksi iliyokauka.

Changanya epoksi kidogo kidogo, gramu 100 kwa mara moja, kwa uwiano ulioandikwa kwenye chupa. Zingatia kama uwiano ni wa uzito au wa ujazo, havilingani. Koroga taratibu dakika 3, ukikwangua kuta na kitako cha kikombe. Ukikisia hadina, au ukiizidisha ukidhani itakauka haraka, utabaki na ulimbo unaonata milele na dawa yake ni kuukwangua wote.

Mimina mchanganyiko kwenye sahani bapa mara moja. Ukibaki umejaa kwenye kikombe hujipasha moto wenyewe, na kikombe kinaweza kuyeyuka na kutoa moshi. Joto la Dar es Salaam au Mombasa hufupisha muda wa kazi sana: epoksi inayokupa dakika 40 kwenye nyuzi 25 inaweza kukupa 20 tu kwenye nyuzi 35.

Paka hivi:

Mkono wa kwanza, loweka ncha na kingo zote. Utaona epoksi inazama na uso unakuwa mkavu ndani ya dakika 5 hadi 10. Rudia hapohapo. Endelea hadi ncha iache kunywa na ibaki na mng'aro wa maji. Ncha za miguu zisimamishe ndani ya sahani yenye epoksi ya kina cha milimita 3 kwa dakika 10, kisha zigeuze juu zikauke.

Matundu ya skrubu yapake kwa brashi ndogo au kijiti cha pamba, kuta zote za ndani. Matundu ya mipira na waya ni kingo za plaiwudi pia, na ndiyo hupata matone mengi kuliko sehemu nyingine zote. Yape mikono 3.

Malizia kwa kumwaga epoksi iliyobaki juu ya ubao wa juu na sakafu ya kabati, uisambaze kwa kipande cha plastiki iwe utando mwembamba. Fanya hivyo jioni, joto likianza kushuka. Asubuhi mbao zikipata joto hewa iliyo ndani yake hutanuka na kutoa vipovu vinavyotoboa utando.

Siku ya pili gusa uso. Ukihisi kama umepakwa mafuta au nta, hiyo ni hali ya kawaida ya epoksi nyingi kwenye hewa yenye unyevu. Osha kwa maji na sponji, kausha, ndipo upige msasa 180. Ukianza na msasa bila kuosha unaisukuma ile nta ndani ya mikwaruzo, na vanishi itabanduka kama ganda la kitunguu.

Imefaulu ikiwa tone la maji kwenye ncha linakaa nusu saa bila kuacha doa la giza.

Ukikosa epoksi, tumia vanishi iliyopunguzwa nusu kwa nusu na tapentaini, mikono 5 au 6 kwenye ncha. Si imara sawa, ila inazidi mbali mkono mmoja wa brashi. Usitumie resini ya faiba badala yake: haishikani na mbao vizuri kama epoksi.

Hatua ya 5: Unganisha

Toa tepu, paka gundi ya D3 au D4, funga skrubu. Gundi nyeupe ya kawaida hulainika ikilowa, usiitumie. Chovya kila skrubu kwenye vanishi kabla ya kuifunga ili izibe njia yake yenyewe.

Gundi inayochuruzika ifute ikiwa mbichi. Palipobaki gundi vanishi haizami, na doa litaonekana.

Zungushia sakafu ya kabati kizingiti cha ubao chenye kimo cha sentimita 2 juu ya sakafu. Kwa sakafu ya sentimita 90 kwa 35 unapata bakuli la lita 6 hivi. Mpira wa filta ukichomoka kidogo usiku, lita hizo sita ndizo zinazotenganisha tambara la asubuhi na zulia lililoharibika.

Hatua ya 6: Vanishi

Ukimwachia fundi wa fanicha kazi hii, atapiga sanding sila (tabaka la msingi la kuziba vinyweleo vya ubao) kisha laka ya kupuliza. Kwa kabati la nguo ni sawa. Kwa stendi ya tangi hapana: laka hiyo hupata weupe ikikaliwa na maji, na sanding sila ya kawaida chini ya poliurethani huwa kama poda katikati ya tabaka mbili, mwishowe zinaachana. Mwambie wazi kwamba hutaki sila.

Vanishi ya boti pia si chaguo zuri kwa ubao wa juu. Imetengenezwa iwe laini ili ijinyooshe na mbao juani, na chini ya kilo 280 huendelea kunata.

Tumia tapentaini kupunguza, si thina ya laka. Thina ya laka hukunja vanishi ya mafuta, hasa kwenye mkono wa pili na wa tatu.

Mkono wa kwanza: sehemu 5 za vanishi kwa sehemu 1 ya tapentaini, isipokuwa kopo liseme vingine. Mikono inayofuata ni vanishi kamili. Koroga kwa kijiti, usitikise kopo, vipovu havitaisha. Paka utando mwembamba, malizia kwa ncha ya brashi kufuata nyuzi, na usirudi nyuma baada ya dakika chache.

Ubao wa juu na ndani ya kabati vipate mikono 4, kwingine 3. Mgongo wa stendi na upande wa chini wa kila ubao navyo vipakwe. Ubao uliozibwa upande mmoja hunywa unyevu kwa upande wa pili, na hapo hupinda.

Kati ya mkono na mkono subiri saa 24, kisha pitisha msasa 320 taratibu. Msasa ukitoa unga mweupe mkavu, endelea. Ukijaa gamu, vanishi bado mbichi. Acha siku nyingine.

Pwani, fanya kazi kati ya saa 3 asubuhi na saa 9 alasiri, siku isiyo na mvua. Unyevu wa jioni ukitua juu ya vanishi mbichi huacha ukungu mweupe. Masika ikikukuta katikati ya kazi, afadhali usimame.

Onyo la kwanza: matambara yenye vanishi ya mafuta yakirundikwa hujipasha moto na yanaweza kuwaka yenyewe. Yatandaze nje moja moja au uyaloweke kwenye ndoo ya maji.

Onyo la pili ni kwa mwenye samaki tayari. Usipake chumba kimoja na tangi. Pampu ya hewa hunyonya mvuke wa vanishi na kuupeleka moja kwa moja ndani ya maji, hata dirisha likiwa wazi.

Hatua ya 7: Silikoni, mwisho kabisa

Silikoni hupakwa juu ya vanishi iliyokauka, kamwe si chini yake. Hakuna vanishi inayoshika juu ya silikoni, na hata alama ya kidole chenye silikoni kwenye ubao mtupu hutengeneza kijishimo ambacho vanishi hukikwepa.

Bandika tepu pande zote mbili za mshono, piga ukanda wa milimita 5 mahali sakafu ya kabati inapokutana na kuta na kizingiti, lainisha kwa kidole kilicholowa, toa tepu ikiwa bado mbichi. Iache saa 24 hadi 48, mpaka harufu ya siki iishe.

Usigundishe tangi na stendi kwa silikoni. Siku ya kulihamisha utavunja kimojawapo.

Hatua ya 8: Subiri, kisha jaribu kwa maji

Kukauka na kukomaa ni mambo mawili. Vanishi ya mafuta hushikika baada ya siku moja, lakini kubeba mzigo inataka wiki 3, na nyingine siku 30. Ukucha ukiacha alama, bado.

Ikishakomaa, loweka taulo, litandaze juu ya ubao likifunika kona na maungio, lifunike kwa plastiki na tofali, uache usiku kucha. Mimina lita 2 ndani ya sakafu ya kabati na utandaze magazeti makavu chini ya stendi.

Asubuhi yake rangi ya mbao iwe ileile, kidole kisihisi nyuzi zilizoinuka, magazeti yawe makavu. Doa la giza linakuonyesha njia ya maji ilipo. Kausha siku 3, piga msasa hapo tu, ziba kwa epoksi, paka vanishi.

Stendi iliyokwisha kuunganishwa

Iondolee tangi na uikaushe ndani wiki 2. Ilaze ubavuni ufikie miguu. Kwangua vanishi kwenye ncha na kingo hadi mbao zionekane, toa skrubu moja moja, paka epoksi kwenye tundu, rudisha skrubu mpya. Usizitoe zote kwa mpigo.

Mbao nyeusi zilizolainika kiasi cha bisibisi kuzama haziponi kwa kuzibwa. Kata kipande hicho na uweke kingine. Plaiwudi iliyoachana tabaka nayo ni ya kubadilisha.

Kuweka tangi

Weka vipande vya plastiki au mpira chini ya kila mguu, ili maji ya kudeki yasikae kwenye ncha. Kama sakafu haiko sawa, kabari huwekwa kati ya mguu na sakafu, si kati ya tangi na stendi. Tangi la kioo kitupu chini lilaze juu ya mkeka wa povu (foam) wa milimita 5 hadi 10. Lenye fremu ya plastiki halihitaji mkeka.

Ekstensheni ifungwe ukutani ndani ya kabati, juu, isilale sakafuni. Kila waya uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda kuingia, ili tone linaloteremka na waya lidondoke kwenye kile kitanzi badala ya kuingia kwenye umeme.

Jaza theluthi moja, pima kwa pima maji, subiri saa moja, ongeza theluthi nyingine, pima tena, kisha jaza.

Baada ya hapo, kila miezi 6 pitisha kidole kwenye matundu ya mipira, chini ya miguu na ukingo wa nyuma wa ubao wa juu, pale matone ya kubadilisha maji yanapoangukia. Ukihisi ukwaruzo au kuona ufa mwembamba, piga msasa 320 eneo hilo na upake mikono 2 ya vanishi wiki hiyohiyo, ukihamisha samaki chumba kingine hadi harufu iishe.